Wakuu, kwa nini lami ya njia ya Tunduma inabonyea zaidi upande wa kwenda kuliko wa kurudi?

#1 DerevaWaShaba
Wakuu habari za leo.

Mimi ni dereva wa semi, mwaka wa 14 huu, Dar hadi Tunduma, na nikivuka mpaka nafika mpaka Lubumbashi. Kuna jambo linanisumbua siku nyingi, leo nimeona nilete hapa maana humu wahandisi hawakosekani.

Ukitoka Dar kupanda bara, upande wetu wa kushoto lami imebonyea mistari miwili, pale pale tairi zinapopita. Ukirudi, upande wa pili mabonde yapo ila si kama haya. Barabara ni moja, aliyeijenga ni mmoja, jua ni lile lile.

Kwenye vilima ndiyo usiseme. Pale lori linapopanda kwa gia ya pili, lami imekuwa kama donge la chapati lililobonyezwa kwa kidole: katikati chini, pembeni imeumuka. Mvua ikinyesha mabonde yanajaa maji. Nimeshuhudia gari ndogo ikitaka kunipita, tairi zikaelea kwenye yale maji, ikajigeuza mbele ya macho yangu. Mama na watoto wawili walitoka wazima, lakini mimi usiku ule sikulala.

Kila siku tunaambiwa madereva ndio tunaua barabara kwa kuzidisha uzito. Mimi napima Vigwaza, napima Makambako, napima Mpemba, na risiti ninazo. Sasa nani anaua barabara? Naomba mwenye ujuzi anieleweshe, si kwa maneno ya mkutanoni.

#2 Kijana_wa_Chalinze
Uzito tu mkuu. Uzi ufungwe.

#3 MzeeWaKalavati
Kijana usiufunge uzi kabla watu hawajakaa.

Mtoa mada umeuliza swali zuri, na macho yako yameona kitu ambacho sisi tulikuwa tunalipwa kukiona. Nimestaafu, nilifanya kazi ya barabara miaka 31, kwa hiyo nitaandika kirefu kidogo.

Mzigo wa bandari unapanda: mafuta, mbolea, mitambo, ngano. Upande wa kwenda unabeba zaidi, na barabara haihesabu magari, inahesabu ekseli, yaani ule mhimili unaoshika tairi za kushoto na kulia. Wamarekani walifanya jaribio kubwa kule Ohio mwishoni mwa miaka ya 1950. Walijenga barabara za mzunguko, wakazungusha malori mchana na usiku mpaka zikafa. Walichogundua ni kwamba madhara hayaongezeki sawa na uzito. Yanaongezeka kwa kipeo cha nne. Ukiongeza uzito wa ekseli mara mbili, umeongeza madhara mara kumi na sita.

Ndiyo maana sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ile ya 2016 ambayo sisi tulianza kuitumia Machi 2019, imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari zima, lakini chenye maana zaidi ni kikomo cha kila ekseli: ya usukani tani 8, ekseli moja yenye tairi nne tani 10, ekseli pacha tani 18, ekseli tatu tani 24. Gari linaweza kuwa halali kwa jumla, na bado mzigo umeegemea nyuma likaumiza.

#4 MwalimuHesabu
Mzee shikamoo. Sahihisho mawili tu, kwa heshima.

Jaribio lile halikuwa Ohio, lilikuwa karibu na mji wa Ottawa, jimbo la Illinois, 1958 hadi 1960. Walioendesha malori walikuwa askari wa jeshi, na kila njia iliyopitishiwa malori ilipigwa ekseli 1,114,000.

La pili, kipeo. Kwetu, mwongozo wa Wizara ya Ujenzi wa 1999 wa usanifu wa tabaka za barabara unatumia 4.5, si 4. Tofauti si ndogo. Ekseli ya kipimo, ile tunayolinganishia nyingine zote, ni kilo 8,160. Ukikokotoa, ekseli ya tani 10 ni sawa na ekseli za kipimo 2.5. Ya tani 12 ni sawa na 5.7 hivi. Yaani tani mbili tu za ziada, asilimia 20, zimezidisha madhara zaidi ya mara mbili. Gari ndogo yenye nusu tani kila ekseli? Zinahitajika ekseli zaidi ya 280,000 za gari ndogo kufikia ekseli moja ya kipimo. Ndugu zangu wenye gari ndogo mnaotuhumiana kuharibu barabara, laleni.

#5 MzeeWaKalavati
Marahaba mwanangu. Illinois, kweli. Umri huu majimbo ya watu yananichanganyikia. Na 4.5 nakubali, ndiyo tuliyotumia.

#6 DerevaWaShaba
Wazee asanteni, lakini hapo pa mzigo kupanda sijaridhika. Mimi jina langu humu ni la kazi yangu. Kurudi nabeba shaba. Zile bamba unaziona chache juu ya trela, zimefungwa mikanda, mtu asiyejua anadhani narudi nusu mtupu. Tani zinatimia. Na wenzangu wengi vivyo hivyo. Kama ni uzito tu, upande wa kurudi nao ungebonyea sawasawa.

#7 Kijana_wa_Chalinze
Mkuu wewe unarudi na shaba. Boza la mafuta linarudi na nini? Upepo. Mimi nakaa barabarani hapa, nauza maji na matunda kwenye foleni. Hesabu maboza yanayoshuka, yote tupu, unayasikia yanavyorukaruka kwenye viungo vya daraja. Nasimama na neno langu la #2.

#8 Nuru_wa_Maabara
Habari wakuu. Mimi ni fundi sanifu, maabara ya vifaa vya ujenzi. Nianze kwa kutenganisha maneno maana tunatumia "lami" kwa vitu viwili. Kuna lami yenyewe, ile nyeusi inayonata inayokuja kwenye mapipa na maboza, ambayo kwenye mchanganyiko ni kama asilimia 5 tu ya uzito. Na kuna mchanganyiko, kokoto na mchanga na vumbi la mawe vilivyoshikwa na ile lami. Kinachobeba lori ni mawe yaliyogusana. Lami ni gundi.

Sasa angalia maelezo ya mtoa mada: katikati chini, pembeni imeumuka. Huko kuumuka ndiko kwenye jibu. Kama tabaka za chini zingekuwa zimekaa, ungeona bonde pana lililolala, pembeni hapajainuka. Pembeni pakiinuka, mchanganyiko wenyewe umesukumwa kando kama tope.

Kwa nini usukumwe? Ndani ya lami iliyoshindiliwa lazima vibaki vinafasi vya hewa. Tunaanza na asilimia kama 7 siku ya kushindilia, malori yanaendelea kuishindilia miaka. Ikishuka chini ya asilimia 3, lami haina pa kwenda ikipata joto, inakuwa kama mafuta kati ya mawe, mawe yanateleza. Tatizo ni kwamba kile kipimo chetu cha kugonga sampuli kwa nyundo mara 75 kila upande kiliwekwa kwa magari ya zamani. Kwa vilima na malori mazito inatakiwa ugonge mpaka sampuli igome kabisa kushuka, halafu uone kama hiyo asilimia 3 bado ipo. Mchanganyiko mwingi unafaulu kwenye nyundo 75 na kufeli kwenye kugoma.

Kwa hiyo kaka Dereva, upande wa kwenda unaweza kubonyea zaidi bila wewe kuzidisha hata kilo moja.

#9 DerevaWaShaba
Dada Nuru asante sana. Lakini mchanganyiko si uliwekwa ule ule pande zote mbili?

#10 Nuru_wa_Maabara
Uliwekwa ule ule. Ila lami inajali muda. Ukiigonga haraka ni ngumu, ukiikalia taratibu inatiririka. Lori likipita kwa kilomita 60 kwa saa na likipita kwa 15, tairi ile ile imekaa juu ya sehemu ile ile mara nne zaidi. Upande gani unapanda mlima na mzigo? Wewe mwenyewe umesema gia ya pili. Jiulize kama mabonde makubwa unayoyakumbuka yako kwenye miinuko au kwenye tambarare.

#11 DerevaWaShaba
Mengi kwenye miinuko. Lakini kuna tambarare moja nayo imelala vibaya na haina hata kilima cha kuku. Hapo utaniambia nini?

#12 Jamaa_wa_Mlolongo
Wakubwa wa Bongo hamjambo. Niingie kutoka Kenya. Hiyo tambarare yenu, waulize kuna nini hapo. Mizani? Kizuizi cha polisi? Soko? Huku kwetu ukikaribia mizani, pale malori yanapopanga foleni, lami inakunjamana kama kitambaa. Hakuna kilima. Ni kusimama, kuondoka, kusimama. Breki inaisukuma mbele, kuondoka kunaisukuma nyuma, na dizeli inadondoka juu yake masaa ishirini na manne. Dizeli inayeyusha lami, mtu yeyote aliyewahi kunawa lami mikononi anajua.

Halafu kuna udongo mweusi. Kuanzia Athi River ukizunguka huko, ardhi ikilowa inavimba, ikikauka inapasuka nyufa unaingiza mkono. Hata uweke mchanganyiko wa dhahabu juu yake, kama hukuuondoa au kuutibu, barabara itacheza mawimbi.

#13 DerevaWaShaba
Jamaa umenishtua. Ile tambarare ina matuta ya kijiji mfululizo na stendi ya mabasi. Wote tunasimama.

#14 Kijana_wa_Chalinze
Na wauza maji 😄 Sasa na mimi nimekuwa mtuhumiwa.

#15 MzeeWaKalavati
Dada Nuru ana hoja ila nisingependa watu watoke hapa wakidhani tatizo daima liko juu.

Nimekata mitaro barabarani zaidi ya mmoja. Unakata kuvuka njia, upana wa nusu mita, unashuka mpaka udongo wa asili, unasafisha ukuta wake kwa brashi na maji, halafu unanyoosha uzi. Ni kama kukata keki, kila tabaka unaliona. Kuna mahali tulikuta lami iko unene ule ule toka ukingo hadi ukingo. Iliyokuwa imekaa ni tabaka la msingi lililotiwa saruji. Ulikuwa unaikwangua kwa ufunguo wa gari inaanguka vumbi. Tukanyunyizia fenolfthalini, dawa ya maabara inayobadilika rangi. Penye saruji yenye nguvu bado panageuka waridi iliyokolea. Palipoungana na hewa ya ukaa pamekufa, rangi haibadiliki. Sentimita kadhaa za juu zote zilibaki na rangi yake ya udongo. Waliliacha tabaka hilo wazi juani bila kulifunika wala kulimwagilia, ndipo wakaweka lami.

Barabara nzima ilifaulu siku ya makabidhiano.

#16 Nuru_wa_Maabara
Mzee na mimi nimekuwepo kwenye mtaro wa namna hiyo, na wetu ulikuwa kinyume: tabaka la msingi limenyooka kama rula, lami chini ya tairi imebaki kama theluthi mbili ya unene, na kwenye uvimbe imezidi. Kwa hiyo wote tumeona kwa macho. Ndiyo maana nasema bila kukata au kutoboa sampuli, kila mtu anabahatisha, na kubahatisha ndiko kunakotugharimu: wanakwangua juu, wanaweka lami mpya, baada ya mvua mbili bonde limerudi.

Niongeze la utendaji maana linaniuma. Nikiwa mdogo kazini nilikuwa kwenye mradi mmoja, nashika kipimajoto. Lori la mchanganyiko likafika saa kumi na moja jioni, limekwama njiani, turubai limepasuka. Nikachoma kipimajoto, nyuzi 105. Kwa mchanganyiko ule ilitakiwa iwe zaidi ya 130 wakati wa kumwaga. Nikasema hili lirudi. Msimamizi akaniambia, binti, unajua lori hili bei gani? Wakamwaga. Mtambo wa kushindilia ukapita na kupita, mawe yanavunjika badala ya kukaa. Kipande kile nilikipita mwaka uliofuata, mita kama ishirini, kimechunika kokoto kama ugali ulioliwa na panya. Mita kumi kabla na mita kumi baada yake ni nzima. Nilisimama pale nikapiga picha, ninayo hadi leo.

#17 MwalimuHesabu
Dada pole. Hiyo picha ingefaa kufundishia.

#18 MamaMtaro
Wanangu, mimi sina digrii. Niko kwenye kikundi cha akina mama, tumepewa kilomita tatu za barabara ya wilaya: kufyeka, kuzibua mitaro na kalavati, kuziba vishimo vidogo. Mnasema uzito, mnasema joto. Kwetu lori kubwa linapita kwa msimu wa mavuno tu, na mashimo tunayo.

Nitawaambia tulichoona. Shimo linaanza pale bega la barabara lilipopanda juu kuliko lami. Majani yanaota ukingoni, yanashika vumbi, mwaka kwa mwaka udongo unainuka, mwisho umekuwa ukingo kama wa sahani. Maji ya mvua hayatoki, yanatembea juu ya lami kutafuta mahali pa kushukia, na yakipata ufa yanaingia. Baada ya wiki gari linapita na ule ufa unatema tope jeupe. Mkiona tope hilo jueni ndani pameshaoza.

Tulichukua majembe tukakata lile bega likawa chini ya lami vidole viwili, limelalia mtaroni. Sehemu hiyo mvua za masika zilizopita hazikutoboa hata shimo moja. Sehemu ambayo hatukuifikia ilitoboka saba.

#19 MzeeWaKalavati
Mama, hapo umesema lililonigharimu miaka mingi kuwashawishi wakubwa. Shikamana na kikundi chako. Ni jembe dhidi ya mtambo wa mabilioni, na jembe linashinda kama limewahi.

#20 Mchumi_wa_Mtaa
Nawasoma tu. Mnazunguka, jibu ni reli. TAZARA ilisanifiwa kubeba mamilioni ya tani kwa mwaka, imekaa pale inaangalia malori yakipita. Hamisheni shaba na mbolea kwenye behewa, hata lami yenye makosa itaishi.

#21 DerevaWaShaba
Mchumi na mimi nile wapi? 🙂

#22 Mjukuu_wa_Utingo
Mmenikumbusha babu. Alikuwa utingo mwaka 1966. Walowezi wa Ian Smith walipojitangazia uhuru wao kule Rhodesia, Zimbabwe ya leo, Novemba 1965, Zambia ikakatwa njia ya kusini, ndipo mafuta yakaanza kupelekwa kwa malori kutoka Dar, mapipa yamepangwa nyuma, kwenye barabara ya vumbi hiyo hiyo ya kwenda Tunduma. Wazungu waliipa jina la Njia ya Jehanamu. Babu anasema kiangazi vumbi lilikuwa zito mpaka unafuata taa ya mwenzako mchana, na masika lori linakaa kwenye tope siku tatu, mnapika hapo hapo. Bomba la TAZAMA lilipofunguliwa 1968 mafuta yakapata njia yake, na lami ikaja baadaye.

Anasema lami mpya ilipowekwa walivua viatu wakaikanyaga peku waone kama ni kweli laini.

#23 Kijana_wa_Chalinze
Mjukuu, mshike mkono babu kwa niaba yetu.

#24 Bin_Seif_Maskati
Assalaam alaykum ndugu zanguni. Mimi asili Unguja, nipo Maskati, kazi yangu usimamizi wa barabara. Naona mnaongea joto kama Mikumi ndiyo mwisho wa dunia. Kiangazi huku hewa inapita nyuzi 45, na lami yenyewe ukiipima juu inapita 65. Lami ya kawaida ya daraja la 60/70 (namba za ulaini wake) inaanza kulainika kwenye nyuzi hamsini hivi. Hesabuni wenyewe.

Tunalofanya kwenye njia za malori ni kuchanganya lami na polima, inakuwa na mnyumbuko wa mpira, ikibonyezwa inarudi. Bei inapanda, lakini unaiweka pale panapohitaji tu: mlimani, kwenye mzunguko, kwenye taa. Na mawe lazima yawe ya kuvunjwa kwa mtambo, yenye kingo. Mawe ya mtoni ya mviringo yanateleza kama gololi. Mkitumia mchanga wa mtoni mwingi kwenye mchanganyiko, hata polima haiwasaidii.

#25 Nuru_wa_Maabara
Alaykum salaam Bin Seif. Hapo pa mchanga wa mtoni umegusa kidonda. Ni rahisi kumwaga na unashindilika vizuri siku ya kwanza, ndiyo maana unapendwa.

#26 Jamaa_wa_Mlolongo
Swali kwa Mwalimu. Hilo jaribio la Illinois, kule ardhi inaganda barafu miezi kadhaa, halafu kipupwe kikiisha inayeyuka na kuwa uji. Tairi za 1958 zilikuwa na upepo mdogo kuliko tairi za sasa. Tunawezaje kulitumia Mtito Andei au bonde la Ruaha?

#27 MwalimuHesabu
Swali la haki kabisa. Kipeo chenyewe si sheria ya Mungu. Kilitokana na kupatanisha mistari na data ya udongo mmoja na hali ya hewa moja, miaka miwili. Kwa tabaka la saruji kipeo kinaweza kupanda sana, kwa uchakavu wa aina nyingine kikawa chini ya nne.

Ila msisahau Kenya yenyewe iko kwenye historia hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 maabara ya Uingereza ya utafiti wa usafiri na barabara ilipima barabara za Kenya, za lami na za changarawe, zinavyochakaa na gharama wanayoilipa wenye magari. Kilichotoka huko kiliingia kwenye programu za Benki ya Dunia ambazo hadi leo zinatumika kuamua barabara ipi itengenezwe mwaka gani. Kwa hiyo vumbi la Kenya liko ndani ya hesabu za dunia nzima.

#28 Jamaa_wa_Mlolongo
Hiyo sikuijua. Asante mwalimu, leo nalala nikijisifu.

#29 Mwana_wa_Siha
Naomba kutoka kidogo kwenye njia kuu. Huku Siha kuna barabara ya Lawate–Kibong'oto, iliwekwa majaribio: kipande hiki zege, kile lami nyembamba, kingine aina nyingine, mfululizo, waone ipi inafaa barabara yenye magari machache. Na Bagamoyo walifanya Bago–Talawanda. Mimi napita Lawate na pikipiki, nafahamu kila kipande kwa makalio yangu. Mlima mkali zege ndiyo mkombozi. Zamani ya udongo mwekundu masika boda zilikuwa zinashuka zenyewe.

Swali langu: hivi kwa nini majibu ya majaribio kama haya hayaji kwetu tunaopita juu yake?

#30 MzeeWaKalavati
Mwana wa Siha, majaribio hayo yalisaidia kuandika mwongozo wa barabara za magari machache wa 2016. Upo, unatumika. Lakini umesema kweli, hakuna aliyekuja na ubao kijijini kuwaeleza.

Kuna kitu wanakiita Otta, kinatokana na bonde la Otta huko Norway, miaka ya 1960. Badala ya kokoto safi za saizi moja unaweka lami laini, juu yake changarawe ya kawaida ya hapo hapo, na magari yenyewe yanaikandamiza lami ipande kati ya mawe. Botswana wameitumia sana. Shida yake ni macho ya watu: miezi ya kwanza inaonekana kama barabara ya vumbi, mbunge anapigiwa simu kwamba mmetapeliwa. Baada ya miezi inageuka nyeusi. Niliwahi kusimama mbele ya wananchi wakitaka kunifukuza kwa barabara ambayo baadaye ilidumu kuliko ya jirani.

#31 Mchumi_wa_Mtaa
Mzee, na zege kwenye njia kuu? Njia za mwendokasi Kimara hadi Kivukoni ni zege, zinabeba mabasi mazito tangu 2016. Saruji tunayo Wazo, Tanga, Mbeya, Mtwara. Lami tunaagiza kwa dola. Kwenye kilima cha dereva wetu, mimina zege, tumalize.

#32 Bin_Seif_Maskati
Zege halibonyei, kweli. Lakini likipasuka si rahisi kulitia kiraka. Na viungo vyake vinataka kujazwa kila baada ya muda, la sivyo maji yanapita chini, yanachota vumbi, bamba linabaki linaning'inia. Anayeshindwa kuziba ufa wa lami atashindwa kuziba kiungo cha zege vile vile.

#33 Mchumi_wa_Mtaa
Kwa hiyo tunarudi kwa Mama Mtaro na jembe.

#34 MamaMtaro
Njooni, majembe yapo.

#35 DerevaWaShaba
Nimesoma wote, mara mbili. Mpaka sasa nimepewa: ekseli, mchanganyiko usio na hewa, mwendo wa gia ya pili, dizeli na matuta, udongo mweusi, saruji iliyokufa, lami iliyomwagwa ya baridi, mchanga wa mtoni, maji. Kila mmoja ameona kwa macho yake na siwezi kumbishia hata mmoja.

Jumamosi napanda na mzigo wa mbolea. Nifanye nini ili nirudi na kitu cha maana? Sina mtambo wa kutoboa.

#36 Nuru_wa_Maabara
Chukua ubao ulionyooka wa mita 2, wa alumini ukipata. Ulaze kuvuka njia, uguse juu ya uvimbe pande zote. Kwa rula pima kina cha bonde, kisha angalia: ubao umekaa juu ya uvimbe uliopanda kuliko lami ya kawaida, au umekaa juu ya lami ya kawaida na bonde liko chini tu? Andika vyote viwili. Pima panda, pima tambarare, na pima upande wa kurudi mahali hapo hapo.

#37 MzeeWaKalavati
Na usisimame kwenye kona. Vaa kizibao cha kung'aa, utingo asimame mita mia nyuma na kitambaa chekundu. Hakuna kipimo chenye thamani ya mguu wako.

#38 Kijana_wa_Chalinze
Ukipita Chalinze piga honi mbili, nakuletea maji ya bure. Na ubao ninao wa fundi jirani.

#39 DerevaWaShaba
Wakuu, nimerudi. Sikuweza kupima mahali pote, polisi walinihoji mara moja wakaelewa, mmoja akanishikia rula.

Kilima cha kwanza, upande wa kupanda: tairi la kushoto milimita 41, la kulia 33. Uvimbe upo wazi, ubao umekaa juu yake, chini ya ubao pembeni mwanga unapita. Mahali hapo hapo upande wa kushuka: 14 na 12, uvimbe hakuna.

Tambarare ya matuta na stendi: upande wa kwenda 36, wa kurudi 34. Karibu sawa! Uvimbe pande zote mbili, na lami ina mng'ao wa mafuta.

Halafu kuna sehemu ya tatu ambayo sikutegemea. Imenyooka, haina kilima, haina tuta, malori yanakimbia. Upande wa kwenda 27, wa kurudi 9. Bonde pana, limelala, uvimbe sikuona hata nilipoinama. Na ukingoni kushoto majani yamepanda juu ya lami, mtaro umejaa mchanga.

#40 MamaMtaro
Mwanangu, hapo kwenye majani, uliona tope jeupe kwenye ufa?

#41 DerevaWaShaba
Ilikuwa kavu mama. Lakini pembeni ya ufa palikuwa na unga mweupe, nikadhani ni chokaa ya mtu. Napita tena Alhamisi, nitaupiga picha.